Mama Alinipa Mwisho Kwanza

Bwana wetu apewe sifa, watu wa Mungu! Na apewe tena, maana mara ya kwanza wale wa nyuma hawakuitikia.

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, mimi ni Damari. Wengi mnanijua, ni yule mama anayesuka vikapu pale nyuma ya kanisa pamoja na watoto wanaochelewa kuelewa. Kabla sijaanza nina ombi moja. Mimi husema polepole. Neno likinikwama, msinimalizie. Mama Mchungaji, nakuona, umeshafungua mdomo! Nakupenda sana, lakini leo niache nifike mwenyewe. Mkinivumilia mtajua kwa nini naomba hivyo.

Nilizaliwa upande wa Mungaa, katika tembe la babu yangu, nchi yetu ikiwa ndiyo kwanza imepata uhuru. Nilichelewa kukaa, nikachelewa kutembea, nikachelewa kusema. Wenzangu wa umri wangu walikuwa wameshaanza kuchunga mbuzi, mimi bado nachezea vumbi mlangoni. Ukinituma maji na kuni kwa pamoja, nilileta kimoja, cha pili kilinipotea njiani. Watu wa ukoo walinipa jina la Kinyaturu ambalo sitalitamka hapa madhabahuni. Maana yake ni mtu ambaye ndani yake hamna kitu.

Tembe letu lilikuwa na chumba cha ndani walikolala ndama. Wageni wakija, niliingizwa humo. Sikupigwa, ndugu zangu, nisimsingizie mtu. Nililetewa maziwa na ugali wa uwele kama watoto wengine. Ila mlango ulirudishwa, nikawa nasikia watu wanacheka kule nje, na nilijua kwamba kicheko kile si cha kwangu. Ndama wote niliwajua kwa pumzi zao, hata gizani. Mpaka leo nikisikia harufu ya ndama machozi hunilengalenga, na sijui kama ni uchungu au ni kuwakumbuka tu.

Walinipeleka kwa mganga, nikachanjwa chale. Baadaye wazazi wangu walipompokea Yesu, walikuja watu wa maombi wakaniwekea mikono. Walikemea pepo wa ujinga atoke. Walikemea mpaka sauti zikakauka, na mama alikuwa amepiga magoti pembeni analia. Pepo hakutoka, kwa sababu hakuwepo! Lakini mimi mtoto ningejuaje? Nilisubiri kitu kitoke ndani yangu, hakikutoka. Basi nikawaza, labda pepo mwenyewe ni mimi, na anayetakiwa kuondoka hapa nyumbani ni mimi. Ndugu zangu, mtoto kubeba wazo hilo ni mzigo mzito.

Halafu ikaja ile amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Mnaokumbuka mnakumbuka. Lori lilikuja, tukapakia vyungu, jiwe la kusagia, kuku miguu imefungwa, na miti ya paa tuliyoweza kung'oa. Babu alikataa kupanda, akatembea nyuma ya lori mpaka tulipofika. Watu wengi walilia siku ile. Mimi sikulia. Kule kijiji kipya tulijengewa kibanda cha haraka, na kibanda hakikuwa na chumba cha ndani. Hapakuwa na pa kunificha! Wengine Mungu amewatoa gerezani kwa malaika. Mimi alinitoa kwa lori la serikali. Haleluya!

Sasa kijiji kile kilipimwa kwa kamba. Nyumba zilipangwa mistari, zote sura moja, mlango uleule, ua uleule. Sisi tulizoea kila mji wa familia ukae peke yake na mashamba yake, unaujua kwa mbali. Hapo kijijini watu wazima walipotea! Baba yangu mwenyewe, na hakuwa ameonja hata tone, aliingia nyumba ya jirani jioni moja, akaketi, akauliza mbona leo maji ya kunawa yanachelewa. Mke wa jirani akamletea maji. Alinawa, akala, ndipo akatazama ukutani na kuona jembe si lake. Hadithi hiyo ilichekesha kijiji kizima, na baba alicheka pia. Lakini mimi nilipoingia nyumba za watu nikakaa kusubiri chakula, hakuna aliyecheka vile. Walinishika mkono, wakanirudisha, wakatikisa vichwa.

Balozi wetu wa nyumba kumi alipita kuandikisha watoto wa shule. Alikuwa mtu mkali, anatembea kwa haraka.

“Huyu mgonjwa,” baba alimwambia.

“Anaumwa nini? Si ndiye huyu namwona anateka maji?”

“Kichwa.”

“Basi kitapona hukohuko darasani. Jumatatu aje.”

Nikaenda shule, ndugu zangu, mkubwa kuliko wote darasani. Mwalimu wetu aliitwa Mwalimu Salehe, kijana aliyetoka upande wa Kiomboi, na hakuwahi kunitukana. Alinikalisha mbele. Maandishi ya ubaoni kwangu yalikuwa nyayo za kuku. Lakini kuimba niliimba, kufagia nilifagia, na shamba la shule nililipenda. Wenzangu walikuwa na huruma sana. Walinisindikiza asubuhi na kunirudisha mchana. Nikianza kufagia, mmoja alininyang'anya ufagio akamaliza. Nikiulizwa swali, mwingine alinijibia. Palizi yangu ilimalizwa na watu wengine. Ulikuwa wema, nawashukuru. Lakini wema ule ulininyima kitu kimoja. Sikuwahi kufika mwisho wa jambo lolote maishani mwangu. Mwisho wote ulikuwa wa watu wengine.

Siku moja wenzangu walibakizwa shambani kwa kazi ya pamba, nikaachiwa nirudi nyumbani peke yangu. Nikatazama ile mistari ya nyumba. Zote sawa! Kichwa changu kikawa cheupe. Basi miguu ikanipeleka inakokujua, na miguu yangu ilijua mahali pamoja tu. Ilinirudisha kule kwenye tembe la babu, mwendo wa kuchosha, kupita vichaka. Nikakuta kuta bila paa. Nikaingia pale walipokuwa wanalala ndama, nikakaa chini kwenye kona yangu.

Baba alinikuta jua likizama. Fisi walikuwa wameshaanza kulia ng'ambo ya korongo. Hakunigombeza. Alinibeba mgongoni, na mimi nilikuwa msichana mkubwa, miguu yangu inaburuta. Njia nzima mgongo wake ulikuwa unatetemeka, na hivyo ndivyo nilivyojua kwamba baba yangu analia.

Kesho yake alikwenda kukata miti.

“Nitamjengea chumba chake,” alimwambia mama. “Chenye mlango. Shule basi. Heri nimwone ndani akiwa mzima.”

Mama alikuwa mnyamavu, lakini siku hiyo alisema. “Baba Damari, nakuomba. Nipe mpaka uwele uishe kuvunwa. Nitamfundisha njia. Akishindwa kwenda mwenyewe na kurudi mwenyewe, jenga.”

“Na wewe ukimpoteza?”

“Nitakuwa nyuma yake.”

Baba akaiegemeza ile miti ukutani, karibu na mlango. Kila nikitoka niliiona, kila nikiingia niliiona. Niliijua miti ile ni nini. Ndugu zangu, nilikuwa nimeshazoea jua! Nilimwambia Mungu, kwa maneno yangu machache, asiniache nirudi ndani.

Mama akaanza kunifundisha. Alinisimamisha mlangoni kwetu, akanionyesha kidole. Toka hapa, pita nyumba hii na ile, pinda kwenye bomba, ukifika kwa fulani nyoosha. Nilijitahidi jamani. Nilianza vizuri, halafu kadiri ninavyokwenda ndivyo mambo yalivyozidi kuwa mageni, na hofu nayo ikazidi. Nikifika kwenye bomba nilikuwa nimeshasahau yote, nasimama nalia. Tukarudi mlangoni, tukaanza upya. Tukarudi tena. Kule mashambani watu walikuwa wanakata uwele, na kila shamba lililovunwa niliona mama analitazama kwa hofu.

Jioni moja alikaa chini, akavuta kikapu alichokuwa anasuka, akawa anasuka huku machozi yanadondokea humo humo. Mimi nikaenda nikakaa karibu naye, nikanyoosha mkono, maana nilijua kwamba kikapu kikifika ukingoni ni zamu yangu.

Hapa niwaeleze vijana, maana siku hizi mnanunua ndoo za plastiki. Kwetu, mama akimfundisha binti kusuka, hamwanzishii chini. Kitako cha kikapu ni kigumu, kinakatisha tamaa. Mama husuka kitako, husuka mbavu, akifika ukingoni anamwachia binti kipande kidogo tu cha mwisho. Binti anafunga ukingo, kikapu kimekwisha, na kinaitwa kikapu chake! Anazunguka nacho kwa majirani kukionyesha. Kikapu kinachofuata anaachiwa ukingo wote. Kinachofuata, ukingo na mzunguko ulio chini yake. Anakwenda anashuka hivyo hivyo, mpaka siku moja anajikuta ameanza kitako mwenyewe. Hata mimi, pamoja na uzito wangu wote, nilikuwa tayari nimefunga kingo nyingi.

Basi mama akaniwekea kikapu mapajani, nikafunga ukingo, nikacheka. Mama akaacha kulia. Alikitazama kile kikapu, akanitazama mimi, akakitazama tena. Akainua uso juu akasema, “Ee Bwana, kumbe!” Hivyo tu. Mimi naamini pale ndipo Roho wa Mungu alipomgusa mama yangu. Wala hapakuwa na ngurumo.

Asubuhi alinishika mkono tukaenda pamoja mpaka shuleni. Palikuwa na ringi ya gurudumu la lori, imetundikwa kwenye nguzo, ndiyo kengele yetu. Toka ringi mpaka mlango wa darasa ni hatua chache tu. Pale kwenye ringi mama akaniachia mkono.

“Haya, Damari. Malizia.”

Nikatembea peke yangu. Nikaingia! Mwalimu Salehe aligeuka ubaoni akasema, “Karibu, Damari. Umefika mwenyewe.” Ndugu zangu, nimefika mwenyewe! Nilikaa kwenye dawati siku nzima kama malkia.

Siku nyingine aliniachia kwenye duka la kijiji. Toka dukani naiona ringi, na toka kwenye ringi kazi nilikuwa naijua. Baadaye aliniachia kwa Mama Zuhura, aliyekuwa anaanika vitunguu nje. Toka kwa Mama Zuhura natafuta duka tu, kwingine kote nakujua. Baadaye tena, kwenye bomba. Mnaona alichofanya? Mwanzo nilikuwa natoka ninapopajua naingia nisipopajua, nikaogopa. Sasa ugeni wote ulikuwa nyuma, mikononi mwa mama, na mbele yangu kulikuwa na mahali nilipokwisha kufika jana. Kila nikitembea nilikuwa najongelea furaha. Na kurudi nyumbani alinifundisha vivyo hivyo, mwisho wake ukawa mlango wetu.

Uwele ukaisha. Baba akasema, “Kesho tuone,” na asubuhi hiyo akachukua jembe akaaga kwamba anakwenda shambani. Mama akabaki kizingitini, mikono ameishikilia nyuma ili asinishike.

Nikatoka. Nilifika kwenye bomba vizuri. Mbele kidogo likaja kundi la ng'ombe wanapelekwa lamboni kunywa maji, wakanizunguka, pembe huku, vumbi kule. Nikageuka, nikageuka tena. Walipopita, sikujua nilikotoka wala niendako. Nyumba zote sawa! Kichwa kikaanza kuwa cheupe kama siku ile. Na miguu, ndugu zangu, miguu ikaanza kutaka kwenda kule kwa ndama.

Nikafumba macho. Nikasema, “Yesu, usinibebe. Kaa nyuma yangu kama mama.” Halafu nikaanza mwisho, kama nilivyofundishwa. Mlango wa darasa, naujua. Kabla ya mlango, ringi. Kabla ya ringi, duka. Kabla ya duka, vitunguu. Na nikiwa bado nimefumba macho, upepo ukaniletea harufu. Vitunguu! Nikaufuata ule upepo, nikamwona Mama Zuhura ameinama, na toka hapo hakuna aliyeweza kunizuia. Niliingia darasani na mavumbi yangu. Na mchana nikarudi.

Nikamkuta baba amekaa mlangoni. Alisema ametoka shambani, lakini jembe lilikuwa safi, na miguu yake ilikuwa na lile vumbi jekundu la njia ya shule mpaka magotini. Mama alikuja kunieleza baadaye kwamba wakati ng'ombe wamenizunguka, baba alikuwa nyuma ya nyumba ya jirani, ameuziba mdomo wake kwa mikono miwili ili asiniite. Mnajua ugumu wa kazi ile? Kumwona mwanao anahangaika, na kumpenda kiasi cha kumwacha afike! Siku ile ile baba aliinuka. Aliichukua ile miti, akajenga banda la kuku.

Hapo ndipo nilipookolewa mimi. Sikuponywa uzito wa kichwa, mnanisikia mwenyewe. Darasa la saba sikufaulu, na Biblia nasomewa. Nilifunguliwa kwenye aibu. Nilijua kwamba mimi si pepo, mimi ni Damari, na ninafika.

Baada ya siku chache, jioni, Balozi alikuja kwetu. Yule mkali. Safari hii alitembea polepole, akasimama uani akizungusha kofia mikononi.

“Mama Damari, nimekuja na shida yangu.”

Kumbe mtu aliyeandikisha watoto wa nyumba zetu zote kumi alikuwa na mtoto wake ndani, hajamwandikisha! Aliitwa Elisha. Alikuwa hasemi, anatikisa kichwa huku na huku, akiguswa anapiga kelele. Tulipohamishwa, Balozi alikuwa ametangulia kujenga, na kibanda chake kilikuwa na chumba cha ndani. Alitaka mama amfundishe.

Mama akasema, “Mimi sijui yanayomtisha mtoto wa ndani. Mwombe Damari.”

Nani? Mimi! Mtu mzima, kiongozi, akanigeukia akasema, “Damari, mwanangu, nisaidie.” Sikuwahi kuombwa msaada na mtu tangu nizaliwe.

Nilikwenda kwa Elisha nikakaa naye mle ndani bila kusema, maana najua mle ndani watu wanaosema wanachosha. Nilimletea vikapu akawa anapapasa kingo. Kisha nikatafuta, mwisho wa Elisha ni nini? Mlango wa darasa haukumfurahisha. Nikagundua kwamba ringi ikilia, anatulia kabisa, anainua uso. Nikaenda kwa Mwalimu Salehe, nikamwomba kwa maneno yangu yaliyokwama. Alinisubiri mpaka nikamaliza, akasema, “Mlete apige yeye.”

Tukamleta na baba yake. Nikampa Elisha chuma mkononi, nikamwachia hatua moja tu mbele ya ringi. Watoto wakaanza kumsukuma mkono, wanataka kumsaidia. Nikapiga kelele ambayo sijawahi kupiga, “Mwacheni afike!” Wakaacha. Elisha alisimama pale, jua likapanda, Balozi amefumba macho. Halafu akapiga. Akapiga tena! Shule nzima ikashangilia, na Elisha akacheka, na Balozi, yule mkali, akakaa chini mavumbini akafunika uso kwa kofia.

Toka siku ile Elisha alikuwa anakuja shuleni kwa sababu ya ringi, leo hatua chache, kesho zaidi. Na watu walipoona mtoto wa Balozi yuko nje, wakaanza kutoa na wao wa kwao. Wengine walitoka kwenye vyumba, mwingine alitoka nyuma ya ghala. Mwalimu Salehe akatupatia kivuli cha ukuta wa stoo, na mimi nikawa nawafundisha wenzangu. Kusuka, kunawa, kufunga vifungo, kufika. Wote niliwapa mwisho kwanza. Mimi, ambaye ndani yangu hamna kitu!

Mama yangu ametangulia. Baba naye. Elisha yupo, ana mvi kama mimi, na kengele iliyowaita hapa asubuhi hii ni yeye aliyeigonga. Hajaniambia neno hata moja maisha yake yote, na hakuna rafiki anayenielewa kama yeye.

Ndugu zangu, nimefikiri sana kwa kichwa changu hiki kidogo, nikaona Mungu naye hutufundisha kama mama zetu wanavyofundisha kusuka. Alimtuma Mwanawe akashika sehemu ngumu, akavunja kaburi, akatuonyesha mwisho. Mwisho tunao! Kilichobaki ni kuuendea, na yeye yuko nyuma yetu. Ng'ombe watatuzunguka, vumbi litapanda. Fumba macho, kumbuka mwisho, nenda. Mwamini, hakuachi.

Na sasa nasema na mmoja aliyeko hapa. Sikujui, lakini najua upo, maana kila Jumapili unakaa karibu na mlango ili uwahi kurudi nyumbani. Unaye mtoto ndani. Umemfungia kwa upendo, kama baba yangu alivyotaka kunifungia. Jumapili ijayo mlete. Usimbebe mpaka huku mbele. Mfikishe pale mlangoni tu, halafu mwachie mkono. Mtu yeyote asimsaidie, hata wewe Mama Mchungaji. Mimi nitakuwa nimesimama hapa hapa, hata akichukua siku nzima, mpaka afike mwenyewe.